Mhimili wa Nyota, Mwinamo wa Mizinga

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa saa yangu ya mkononi niliyokuwa nimeirekebisha jioni iliyotangulia kwa mlio wa redio, mwenyekiti wa kijiji alisimama mbele ya ghala la tumbaku akatangaza kwamba mizinga yote ya nyuki isiyo na alama, iliyotundikwa kwenye miombo kando ya barabara ya zamani ya misafara, itakuwa mali ya shamba la kijiji kuanzia mavuno yale. Alilitaja jambo hilo katikati ya mengine, baada ya habari za majembe na kabla ya habari za choo cha shule. Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa chini pamoja na wanawake wenzake, aliinua mkono kabla choo hakijafikiwa.

"Ndugu mwenyekiti, ile ni mizinga ya marehemu mume wangu."

"Yote, mama?"

"Yote thelathini na mmoja."

"Alama yake iko wapi?"

"Alichonga kwenye vifuniko."

"Na vifuniko viko wapi?"

Vifuniko vilikuwa vimeoza, na mlinaji wa asali ambaye shangazi alimkodi baada ya msiba alikuwa ameziba mizinga kwa nyasi za kusuka, zisizo na alama yoyote. Kila mtu pale alilijua hilo. Kwa hiyo shangazi hakujibu swali. Alijibu mtu.

"Babu yako alifika hapa na mzigo wa watu kichwani," alisema. "Sasa na wewe unataka kuondoka na mizinga ya watu."

Mkutano ulicheka, na mwenyekiti akacheka kuliko wote. Babu yake alikuwa kweli mpagazi kutoka pwani, aliyeugua mguu njiani, akaachwa na msafara wake, akapona, akaoa, akabaki. Sisi Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu siku hizo za kubebeana mizigo, na mtani ana ruhusa ya kusema mbele ya ghala la tumbaku maneno ambayo mwingine angeyaombea radhi kwa magoti.

"Kubeba ni kazi ya ukoo, mama," mwenyekiti alisema. "Siwezi kuiacha. Lakini nileteeni ushahidi siku ya Jumamosi. Matusi yako nimeyapokea, ila hayaandikiki kwenye muhtasari."

Nilikuwa mgeni pale. Makazi yangu yalikuwa Ipuli, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza saa mjini Tabora, kwenye kibaraza cha duka la familia moja ya Kiarabu. Nilikuwa nimekuja kumsaidia shangazi kuezeka nyumba yake, maana wakati watu walipohamishiwa kijiji kipya alipewa kiwanja na nguzo, mengine akaambiwa ajitegemee. Hakuwa na mtoto. Shamba la zamani alikuwa ameliacha, jipya lilikuwa bado kichaka. Kitu pekee ambacho hakikuhama wala hakikuhitaji kuhama kilikuwa ile mizinga msituni. Asali yake ilimnunulia chumvi, mafuta ya taa na khanga, na zaidi ya vyote ilimnunulia haki ya kutomwomba shemeji yake yeyote kitu chochote. Mizinga ikienda, ingebidi aende kukaa uani kwa mdogo wa mumewe, mtu mwema mwenye wake wawili na maneno mengi.

Jioni ile aliniuliza, "Wewe unayekaa na vitabu usiku kucha, hakuna kitabu cha kumshinda mtu huyu?"

Nikamwambia kuna kimoja, lakini kinahusu nyota.

"Basi tumekwisha," alisema, akageuza ugali.

Elimu yangu ya shule ni darasa la saba. Iliyobaki niliiokota mwenyewe, na sehemu kubwa niliiokota Kipalapala, nilikokwenda kila baada ya miezi kadhaa kusafisha saa za ukutani za seminari. Kulikuwa na padri mzee aliyependa kukaa karibu nikifanya kazi. Alikuwa na darubini ndogo ya miguu mitatu, na rundo la magazeti ya nyota ya Kiingereza ambayo alinipa yalipoanza kuliwa na mende. Niliyasoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni moja. Kilichonikamata kuliko vyote kilikuwa habari ya Kilimia.

Kilimia kila mkulima wa kwetu anakijua. Ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana kama punje kiganjani, linalotuambia lini tushike jembe. Padri aliniambia kwamba nyota zile ni ndugu, zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la vumbi na hewa, na kwamba kila moja inajizungusha kwenye mhimili wake kama pia ya mtoto. Kisha akaniuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake. Je, mihimili hiyo yote imeelekea upande mmoja, au kila nyota imeinama kivyake?

"Ina maana gani ikiwa upande mmoja?" nilimuuliza.

"Ina maana wingu lenyewe lilikuwa linazunguka, na watoto wakarithi mzunguko wa mama. Ikiwa kila moja imeinama kivyake, basi wingu lilikuwa limevurugika kama uji unaochemka, na kila mtoto alichukua alichokikuta."

Mimi ni fundi saa. Mtu akinitajia mhimili, siwezi kulala. Nilitaka kujua mtu anapimaje mhimili wa kitu ambacho hata kwenye darubini ni nukta tu. Njia yenyewe ni hii. Ukiupitisha mwanga wa nyota kwenye kioo cha pembe tatu, unatawanyika rangi kama upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo mna mistari myembamba myeusi. Nyota inapojizungusha, ukingo wake mmoja unatujia na mwingine unatukimbia, na jambo hilo huupanua kila mstari kidogo. Inayozunguka kasi ina mistari mipana. Lakini nyota ikiwa imetuelekezea utosi wake, hata ikizunguka kama pia, hakuna ukingo unaotujia, na mstari unabaki mwembamba. Kwa hiyo upana wa mstari umechanganya mambo mawili, kasi na mwinamo. Ili uyatenganishe lazima ujue kasi halisi kwa njia nyingine. Baadaye nilisoma kwamba wenzetu wenye mitambo huipata kwa kufuata madoa yaliyo usoni mwa nyota, yanayopita na kurudi na kuufifisha mwanga wake kwa zamu. Ukijua doa linarudi baada ya muda gani, na ukijua unene wa nyota, kasi umeipata. Kisha unailinganisha na upana wa mstari, na tofauti iliyobaki ndiyo mwinamo.

Nilikuwa nayawaza hayo nikila ugali, na ndipo nilipoona kwamba mzinga wa nyuki ni gogo lenye mhimili. Kama mizinga yote thelathini na mmoja ilitundikwa na mkono mmoja, huenda mihimili yake ingefanana. Kama ilikuwa imekusanyika tu pale kutoka kwa watu mbalimbali waliopita miaka mbalimbali, kila mmoja ungelala kivyake. Nilimweleza shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mume wake alikuwa mtu wa mpango hata kwenye kupanga kuni, kwa hiyo tukapime.

Kesho yake asubuhi tulikwenda. Nilibeba dira, timazi, na kipimapembe cha shule nilichokifunga uzi. Nilisimama katikati ya miombo, mahali pamoja, nikaanza. Mizinga ilikuwa juu sana, kwenye matawi ya miti, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kupanda. Kwa hiyo nilinyoosha mkono, nikapima kwa rula urefu wa kila mzinga ulivyoonekana kutoka pale nilipo. Nilijua kwamba marehemu alikata magogo yake yote kwa kipimo kimoja, fimbo iliyokuwa bado nyumbani kwa shangazi. Urefu wa kweli ninao, urefu unaoonekana ninao, umbali ninaukadiria, hivyo nitapata pembe. Nilikuwa nimejazwa furaha ya hesabu. Shangazi alikaa kwenye mzizi akaniangalia kwa muda mrefu.

"Unafanya nini hapo ulipopandwa?"

"Napima mwinamo, shangazi. Mzinga ukinielekea unaonekana mfupi, ukilala ubavu unaonekana mrefu."

"Na kwa nini huzunguki mti ukautazama kwa upande?"

Niliteremsha rula. Nilikuwa nimesoma habari za nyota kwa miaka mingi, na nyota huwezi kuizunguka. Ilikuwa haijanijia kwamba mti unazungukika.

"Mzinga si nyota, mwanangu," alisema. "Tembea."

Nikatembea. Kazi ikawa rahisi ghafla, isipokuwa kwa nyuki, ambao hawakuwa na maoni mazuri juu ya sayansi. Nilichomwa sikioni na kwenye kope, nikaendelea kwa jicho moja, ambalo kwa kupima kwa kulenga ndilo linalotakiwa hata hivyo. Kufikia adhuhuri nilikuwa na mwelekeo wa kila mzinga kwa dira. Matokeo yalinitoa jasho. Yote, bila kubakiza, ilielekeza mlango wake magharibi, au karibu sana na magharibi. Kundi zima lilikuwa limepangika kama watoto mstarini.

Sikungoja Jumamosi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamkuta akinoa panga, jicho langu likiwa limefungana kabisa.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba. Umepigana na nani?"

"Na ushahidi," nilisema, nikamweleza. Mkono mmoja, mpango mmoja, mwenye mali mmoja.

Alisikiliza kwa adabu. Kisha aliweka panga chini, akanichukua nyuma ya nyumba yake, akanionyesha mizinga yake minne kwenye mti wa mninga. Yote ilitazama magharibi. Tukaenda kwa jirani yake. Magharibi. Tukamwuliza mzee mmoja aliyepita na baiskeli mizinga yake inatazama wapi, akatushangaa.

"Sasa itazame wapi? Kiangazi chote upepo unatoka mashariki. Unataka nyuki wavute vumbi?"

Mwenyekiti hakucheka. Naamini alinihurumia kwa ajili ya jicho. "Fundi," alisema, "kwa ushahidi huo wilaya nzima ni ya mume wa shangazi yako. Na mimi nitakuja kuomba kazi kwake."

Niliporudi, shangazi alinipaka kitunguu kwenye kope na hakunilaumu. Alisema tu kwamba angalau jicho la pili ni zima. Mimi nilijiona mjinga kwa njia mahususi kabisa. Nilikuwa nimekuta kitu kimepangika, nikadhani nimekuta mama wa vyote, kumbe nimekuta upepo. Padri alikuwa ameniambia jambo hilo hilo na sikulishika, kwamba kundi moja peke yake haliwezi kukwambia kitu, lazima uwe na lingine la kulilinganisha nalo.

Lakini mhimili una mambo mawili. Una mwelekeo, ambao dira inausema, na una mwinamo, yaani ncha ipi iko chini na kwa kiasi gani. Upepo unaamrisha mwelekeo. Hauna amri juu ya mwinamo. Nilimwuliza shangazi kama marehemu alikuwa na namna yake ya kulaza mzinga.

"Alikuwa anaulaza tu."

"Alifunga kwanza upande gani, wa mlango au wa nyuma?"

Alifikiri. "Wa nyuma. Alikuwa akipanda peke yake, hakutaka msaidizi. Anavuta kwa kamba, anafunga nyuma kwanza, juu kabisa, halafu mlango anauacha ushuke kidogo. Alisema mvua ikiingia itoke yenyewe, na nyuki wakifa watolewe bila kupandishwa mlima."

"Na wengine?"

"Wengine wanapanda wawili wawili, wanafunga sawasawa. Walikuwa wanamcheka. Walisema mizinga yake inatapika."

Hapo nilihitaji mizinga ambayo hakuna anayebisha kuwa ni ya marehemu. Ilikuwepo mitano tu, nje ya ile thelathini na mmoja, kwenye shamba la zamani ambalo shangazi alilihama, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Hiyo hata mwenyekiti mwenyewe aliikubali, kwa sababu marehemu aliitundika juu ya paa lake mwenyewe. Nilikwenda na timazi. Nilisimama ubavuni mwa kila mti, nikalenga mgongo wa mzinga kwa ukingo wa kipimapembe, nikaacha uzi uning'inie, nikasoma. Mitano yote ilishusha mlango, na kwa pembe zilizokaribiana sana. Kisha nilipita kwa mwenyekiti, kwa jirani yake na kwa yule mzee wa baiskeli, nikapima ya kwao. Ilikuwa imelala karibu sawa, mingine ikiinua mlango kidogo kwa bahati tu. Sasa nilikuwa na makundi mawili ya kulinganishia, na tofauti yake ilionekana hata kwa mtu asiye na uzi.

Ijumaa nilirudi kwenye miombo ya barabara ya zamani nikaanza upya, safari hii nikizunguka kila mti. Shangazi alinifuata akihesabu kwa vijiti. Mzinga baada ya mzinga ulishusha mlango wake kama ule wa shambani, naye akawa anasema, "Unatapika. Na huu unatapika. Huyo ni mume wangu." Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja kwa furaha tangu msiba.

Kisha tukafika upande wa mashariki wa miombo, karibu na mahali ambapo barabara ya zamani inavuka mkondo mkavu, na mzinga mmoja haukutapika. Ulikuwa umelala sawa kama meza. Wa pili vilevile. Nilipomaliza, ishirini na mitatu ilikuwa imeinama kama ya marehemu, na minane, yote pamoja mahali pamoja, haikuinama.

Shangazi alishika vijiti vyake mikononi.

"Pima tena," alisema.

Nilipima tena.

"Labda matawi yameinuka. Mti unakua."

"Matawi manane kwenye miti minane, shangazi, na yote yameinuka mpaka usawa uleule?"

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu, au wa mwenyekiti?"

"Mtoto wa kaka yako."

"Basi sema thelathini na mmoja. Umesema una pembe. Nani mwingine atakayezisoma? Yule mpagazi?"

Alikuwa na haki ya kuniambia hivyo. Alikuwa amenilea miaka miwili mama yangu alipokuwa mgonjwa, na mizinga minane haikuwa utani kwake. Nilimwambia ukweli wa mambo kama nilivyouona. Kinachonifanya niaminike kwenye ile ishirini na mitatu ni kwamba kipimo kinaweza pia kusema hapana. Kipimo kinachosema ndiyo kila mara ni sawa na upepo wa mashariki. Mwenyekiti alikwisha kunikamata mara moja. Nikisimama na thelathini na mmoja, atachukua kipimapembe na uzi, atakwenda kwenye ule mkondo mkavu, na tutarudi bila hata mmoja.

Tulirudi nyumbani. Akiwa mlangoni alisema, "Mume wangu aliniambia ni thelathini na mmoja."

"Pengine alihesabu na aliyoikuta pale."

"Pengine," alisema. Kisha, akisukuma mlango, "Alikuwa mtu wa mpango, lakini alikuwa mtu wa kujisifu pia."

Jumamosi tulisimama mbele ya ghala. Sikutaja nyota hata kidogo, kwa ushauri wa shangazi. Nilieleza jinsi marehemu alivyofunga, nikataja mizinga mitano ya shambani, nikataja ya mwenyekiti mwenyewe, nikawaalika watu waje waone. Walikuja wengi, kwa sababu hakuna burudani nyingine siku ya Jumamosi. Wazee waliangalia juu, wakaangalia uzi wangu, wakaangaliana. Mmoja wao, aliyekuwa akimcheka marehemu zamani, alisema taratibu, "Ndiyo. Hii ndiyo inayotapika." Baada ya hapo sikuhitajika tena. Walianza kusimuliana walivyomcheka na kila mmoja akawa shahidi.

Tulipofika kwenye ile minane, niliwaambia kwamba hii siwezi kuisemea. Shangazi alikuwa amesimama kando yangu, na watu walimgeukia.

"Na wewe, mama?" mwenyekiti aliuliza. "Unaidai?"

Alivuta khanga mabegani. Nilimwona akiitazama mizinga yenyewe, na si mimi.

"Marehemu hakuwahi kulaza mzinga namna hiyo," alisema. "Ichukueni. Lakini mtakapolina, msimpe huyu mjukuu wa mpagazi abebe ndoo. Hamtaiona tena."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea nishani. Alimwandikia ishirini na mitatu mbele ya kila mtu, na akasema kwamba msimu ujao alama zichongwe kwenye gogo, si kwenye kifuniko, sheria ya kijiji. Shangazi hakuhamia uani kwa mtu. Nyumba tuliimaliza kuezeka wiki iliyofuata, na mimi nikarudi Ipuli na jicho langu zima.

Nilipokwenda tena Kipalapala kusafisha saa, nilimsimulia padri, naye alicheka mpaka akavua miwani, hasa pale kwenye kuzunguka mti. Aliniambia watu wa nyota wangetoa mali zao zote wapate kukizunguka Kilimia mara moja tu. Nilimuuliza tena kama mihimili yake imeelekea pamoja. Alisema bado hajui, na kwamba hata watakaposema imepangika, niulize kwanza upepo unatoka wapi.

Baada ya mavuno shangazi alikuja mjini kwa treni na debe la asali, akakaa kwenye kibaraza changu cha saa kama mwenye duka. Aliniambia asali ya ile mizinga ishirini na mitatu imeuzwa vizuri kwenye ushirika, na kiasi gani haikunihusu. Kiasi nilichopaswa kukijua, alisema, ni kile ambacho uzi wangu ulimpotezea, na alikuwa amemfuata mwenyekiti hadi mezani kwake kukiuliza. Asali na nta ya ile mizinga minane ilikuwa imekiingizia kijiji shilingi mia moja sitini na nane.